Radhi Iliyoshukia Dubai

Mwanangu Zuhura,

Ukiona mwandiko umepinda usidhani baba yako anatetemeka. Naandikia kwenye ile meza ya pembeni yenye mguu mmoja mfupi, ambayo kila mwezi nasema nitaitengeneza. Ni saa nane mchana, supu imekwisha tangu saa nne, na mteja mmoja tu amebaki, anamalizia chai yake huku ananitazama kama anayejiuliza Mdubai ameanza ukarani lini. Kesho alfajiri gari la kikosi linakuja kukuchukua. Barua hii nataka uisome leo, kabla hujalala, kwa hiyo nitaikunja niiweke juu ya viatu vyako vya jeshi, maana najua huwezi kulala bila kuvipiga brashi.

Mambo ya soksi, vidonge vya malaria na chandarua mama yako keshakwambia, na jioni atakwambia tena. Mimi sirudii. Nina jambo moja tu, na nimechelewa nalo siku nane.

Ijumaa ya wiki iliyopita ulinikuta nyuma ya kibanda nakanda unga. Ulipiga magoti palepale penye majivu, na sare yako mpya, ukasema: "Baba, nimepangiwa Afrika ya Kati. Mwaka mmoja, na walinda amani. Naomba radhi yako." Kwetu sisi mtu havuki kizingiti kwenda mbali bila neno hilo la mzazi, na wewe ulilijua kwa bibi yako kabla hujajua kusoma. Sasa mimi nikafanya nini? Nikanyamaza. Nikachukua ndoo, nikasema naenda bombani, na wewe ulijua vizuri kwamba bomba lile halikuwa na maji tangu Jumatano. Nikakaa pale na ndoo yangu tupu mpaka nilipokuona umetoka. Tangu siku ile unaniamkia shikamoo, naitikia marahaba, na hatuvuki hapo.

Juzi mama yako alinijia juu. "Mtoto anadhani umemnyima radhi. Kama umemnyima mwambie, kama hujamnyima mwambie. Unamuweka roho juu tu, halali mwenzio!" Alikuwa na haki ya kufoka. Lakini sikukunyima, Zuhura. Nilinyamaza kwa sababu ulifanya jambo ambalo mimi, nilipokuwa na miaka ishirini na minane na ndevu zangu kidevuni, lilinishinda. Ulitaja mahali unakokwenda.

Wewe unajua, na mtaa mzima wa hapa Gongo la Mboto unajua, kwamba baba yako alikuwa Dubai. Ndiyo maana kibanda hiki kinaitwa Kwa Mdubai, na lile bango jekundu uliliandika kwa mkono wako ulipokuwa darasa la sita. Ukweli ni kwamba Dubai nilikaa saa sita. Nilikaa uwanja wa ndege, juu ya begi langu, sijaona hata ghorofa moja sawasawa. Halafu nikapandishwa ndege nyingine na watu wa mataifa mbalimbali, wapishi, wafagiaji, madereva, tukashushwa Iraq, kwenye kambi ya wanajeshi wa kigeni. Miaka miwili nilikuwa huko nawapikia.

Haya, nimelisema. Mkono haujakauka.

Nikurudishe nyuma kidogo, maana wakati ule wewe ulikuwa na mwaka mmoja na kazi yako ilikuwa kutafuna kandambili zangu. Tulikuwa tunakaa Buguruni, kwa bibi yako. Vita ile ilipoanza, Buguruni ilichemka kana kwamba mabomu yanaangukia sokoni kwetu. Kinyozini redio haikuzimwa. Vijana walivaa fulana zenye picha ya yule rais wa Iraq mwenye masharubu, hata wale ambao mwaka mmoja nyuma hawakujua nchi yenyewe iko upande gani. Wakubwa wa dunia walisema kuna silaha za maangamizi zimefichwa kule. Zikatafutwa, zisionekane. Wakasema basi, sababu yenyewe hasa ilikuwa kuwapa watu uhuru. Ikawa kama unamuuliza muuza samaki bei na kila ukigeuka anakutajia nyingine.

Msikitini imamu aliinua mikono kila swala kuwaombea watu wa Iraq, nasi nyuma tunaitikia amina. Bibi yako alikuwa akiomba nyumbani, na wakati mwingine alilia. Hakuwahi kumwona Mwiraki hata mmoja maishani mwake. Alisema tu, "Wana mama zao wale."

Na mimi, mwanangu, nilikuwa mkali kuliko wote pale kinyozini. Nilipiga meza. Nilimwita msaliti mtu mmoja aliyesema labda huyo rais naye alikuwa dhalimu kwa watu wake. Nikamtoa nje kwa maneno, na kumbe alikuwa anasema kweli. Mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, udhalimu wa mwenye nyumba na udhalimu wa waliovunja mlango, lakini mimi kichwa changu siku zile kilikuwa na nafasi ya jambo moja tu.

Miezi michache baadaye wakala mmoja Mikocheni alikuwa anatafuta wapishi. Mimi nilikuwa mpishi wa harusi, na harusi zilikuwa za kusubiri. Alituambia wazi, sitamsingizia: kazi iko kambini Iraq, mshahara huu, chakula na malazi bure. Nikatia sahihi siku ileile. Njiani kurudi Buguruni nilijipangia maneno. Mimi siendi kuua mtu, naenda kupika. Yai ni yai. Mtu mwenye njaa ni mtu mwenye njaa. Nilikuwa nayapanga vizuri sana maneno yangu, mpaka nilipofika nyumbani nikamkuta bibi yako yuko kwenye mswala, mikono imeinuliwa, na nikajua anamuombea nani.

Nikangoja amalize. Nikapiga magoti. "Mama, nimepata kazi. Naomba radhi yako." Akauliza, "Wapi?" Nikasema, "Dubai. Hotelini."

Nilikuwa na kinga yangu: tiketi iliandikwa Dubai. Nilimwonyesha kabisa. Hakujua kusoma herufi zile, akazipapasa kwa kidole, akafurahi. Akasema, "Nimekuwia radhi mwanangu, uende salama na urudi salama." Akanisomea maji ya glasi nikanywa. Asubuhi ya safari akashika Msahafu juu ya mlango, mikono yake mifupi imenyooka mpaka mwisho, nikainama nikapita chini yake. Nikapita na uongo wangu kichwani.

Mama yako alijua. Nilimwambia yeye peke yake, halafu nikamwacha nyumba moja na mtu asiyejua. Miaka miwili kila bibi yako akisema, "Huko Dubai sasa hivi joto lake!" mama yako aliitikia, "Ndiyo mama, joto." Nilidhani namtenda wema kwa kumwambia kweli. Kumbe nilimpa mzigo wangu aubebe, mimi nikapanda ndege mikono mitupu. Alinisamehe kabla sijajua hata kuomba. Kesho ukimuaga mama yako umkumbatie zaidi kidogo, usimwambie ni kwa nini.

(Mteja ameondoka. Nimefunga mlango wa mbele.)

Kambi yenyewe sitakueleza sana. Vumbi, mahema, jiko kubwa kuliko shule yako ya msingi. Usiku makombora yalikuwa yakija, na sie wapishi tulilala chini ya meza za chuma. Nilikwenda nikiwa tayari kuwachukia wale askari, nikashindwa. Walikuwa vijana. Mmoja alikuwa ananiita mzee, mimi wa miaka ishirini na minane! Alipenda yai lake lisikauke, na kila asubuhi alinionyesha picha ya binti yake, sawa na wewe kwa umri, naye anatafuna kitu. Siku moja hakuja kula. Niliwauliza wenzake, wakasukuma sinia mbele. Usiku ule nililia, na nikajiuliza namlilia nani, mimi niliyeitikia amina kule Buguruni.

Lakini aliyebaki moyoni mwangu ni mtu mwingine. Alikuwa anaitwa Hashim. Mwiraki, mtu mzima, kabla ya vita alikuwa mwalimu wa hesabu. Pale alikuwa akiosha masufuria. Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa: nilijua kuomba mvua na kumuombea maiti, lakini sikujua kuomba chumvi. Hashim alinifundisha. Alinyanyua kisu, akakitaja. Alinyanyua kitunguu, akakitaja. Nikikosea alicheka mpaka povu la sabuni linamrukia usoni. Katika watu wote wa kule, yeye ndiye aliyeniuliza swali ambalo ndugu zangu hawakuniuliza. Alisema polepole, nielewe: "Mama yako anajua uko hapa?" Nikamjibu ndiyo. Hata yeye nilimdanganya.

Sasa kulikuwa na amri. Chakula kinachobaki hakitoki nje ya kambi, haijalishi ni kingi kiasi gani. Kilitupwa shimoni, kikamwagiwa dizeli, kikachomwa moto. Walisema kikiharibika kitadhuru watu, au mtu atapitisha kitu ndani ya mifuko. Labda walikuwa na sababu zao. Mimi ndiye niliyepewa zamu ya shimo. Mimi, mtoto wa bibi yako Bi Kidawa, niliyefundishwa kwamba kipande cha mkate kikianguka chini nikiokote, nikifute na nikiweke juu ya ukuta ndege wale. Kila jioni nilimwaga dizeli juu ya mikate mizima, juu ya wali, juu ya kuku. Na kutoka pale shimoni, ng'ambo ya waya, niliona nyumba za watu, na kina mama wamesimama wanatazama moshi.

Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, mimi na Hashim tulifunga wote. Jioni moja, karibu na kufuturu, alinikuta pale shimoni. Aliinama akachukua mikate miwili, akaibusu, akaitia ndani ya shati. Akaniangalia. Nikageuza uso pembeni, na ningeishia hapo leo hii nisingekuwa na barua ya kukuandikia.

Kesho yake msimamizi alitupanga mstari. Mtu wa lindo alikuwa ameona kitu. Akauliza ni nani anatoa mkate nje, na akasema asipopatikana mikataba ya watu wote wa jiko haitaongezwa. Akaja mbele yangu kwa sababu shimo lilikuwa langu. Hakunipiga, hakunitisha, hakupaza hata sauti. Aliniuliza mara moja tu, nami nikasema, "Hashim."

Hashim alivua aproni yake. Akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya sufuria aliyokuwa ameshamaliza kuisugua, ili isilowe. Akaondoka na askari wawili kuelekea getini. Hakunitazama. Watu waliofukuzwa kambini walikuwa na shida kubwa, maana ndani wanaitwa wezi na nje wanaitwa vibaraka, na huko nje vibaraka walikuwa wanauawa. Sijui yeye kilimpata nini. Sijawahi kujua. Nimemtafuta kwa dua miaka yote hii kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumtafuta.

Mkataba wangu uliongezwa. Kiwanja hiki cha Gongo la Mboto, na chumba ulichokulia, vimetoka huko. Sikwambii ili ukichukie chumba chako. Nakwambia kwa sababu umelala humo miaka yote hii, ni haki yako kujua.

Nilirudi. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, uliponiona ukakimbilia nyuma ya kanga ya bibi yako. Mtaa ukaja kunisalimia. "Mdubai huyo!" Nikagawa sabuni na manukato niliyonunua uwanjani Dubai nikingoja ndege ya kurudi. Nilikaa miezi minane na uongo ule. Nilikuwa mkali ndani ya nyumba, nilifoka kwa chumvi, nilifoka kwa mlango.

Halafu asubuhi moja bibi yako alikuwa anakupa chai uani. Ulidondosha kipande cha mkate. Akainama, na magoti yake yale mabovu, akakiokota, akakipuliza mchanga, akakibusu, akakiweka juu ya ukuta. Ni kitu alichokifanya maisha yake yote, nilikuwa nimekiona mara elfu. Siku ile niliweka kikombe changu chini. Nikamwambia yote. Nilianza na tiketi nikamaliza na aproni. Wewe ulikuwa umekaa katikati yetu unachovya mkate kwenye chai.

Siku tatu hakusema na mimi ila kuitikia salamu. Siku ya nne, baada ya Alasiri, akaniita. "Salum. Kalete begi lako. Lile lile." Nikaleta. "Tia nguo." Nikatia. "Nenda kasimame pale mlangoni." Nikasimama, mtu mzima mimi, begi begani, majirani wanachungulia. Yeye akakaa kwenye kigoda chake. Akasema, "Haya, niage. Niambie unakokwenda."

Wewe ukaona baba amebeba begi. Ukadhani naondoka tena. Ukaja mbio, ukashika mkanda wa begi kwa mikono miwili, ukaning'inia unalia. Ulikuwa umeshaanza kunizoea, kumbe, na mimi sikuwa nimejua mpaka dakika ile. Na wewe hivyo hivyo unaning'inia, nikapiga magoti nikasema, "Mama, naenda Iraq. Naenda kuwapikia wanajeshi walioivamia. Naomba radhi yako."

Akanitazama sana. Akasema, "Hapana. Sikupi."

Nikabaki na magoti chini.

"Sikupi," akarudia. "Ningekunyima. Ungelia, ungenuna, ungesema mama ana roho mbaya, na ningekunyima vilevile. Hilo neno lilikuwa langu, Salum. Ulinipora mdomoni." Halafu sauti yake ikashuka. "Miaka miwili nakuombea lifti. Unalijua hilo? Nilimuuliza mke wa jirani yetu Sefu, aliyewahi kufika huko, akaniambia hoteli za Dubai zina lifti za kioo, na zinakatika watu wamo ndani. Nikawa kila siku naomba, Mola, lifti ya mwanangu isikatike. Na wewe unapigwa makombora! Radhi yangu ilishuka Dubai, mwanangu. Imekungoja uwanjani miaka miwili. Huko ulikokwenda ulikwenda peke yako."

Mama yako aliyekuwa amesimama na mwiko mlangoni alicheka na kulia kwa mpigo mmoja. Mimi nililia tu. Bibi yako akanyoosha mkono, akanishika kichwa. "Sasa rudisha begi ndani," akasema, "umbembeleze huyo mtoto, umemtisha."

Na wewe ukanyamaza palepale, kwa sababu ulichosikia ni kwamba bibi amesema baba haendi.

Zuhura, nimeishi na "sikupi" ile miaka ishirini na kitu, na hakuna zawadi niliyopewa inayoizidi. Aliposema hapana, ndipo nilipopata kurudi nyumbani. Akaniwia radhi baadaye, akaniwia tena siku ya kufa, lakini ile hapana ndiyo ninayomshukuru kila nikikanda unga. Na hizi chapati za mwisho ambazo huwa siuzi, ambazo wewe na wenzio mmekuwa mkinicheka, "Mdubai kafilisika na sadaka", hizo ni za Hashim. Sina anwani yake, kwa hiyo nampa anayepita.

Sasa turudi Ijumaa ile. Baada ya kuomba radhi uliongeza neno moja, ukidhani linanituliza. Ulisema, "Baba, mie naenda kutibu, siendi kuua." Hapo ndipo niliposhika ndoo. Mimi nilisema naenda kupika.

Sisemi ni kitu kimoja. Nimekaa siku nane nikijaribu kuvifanya viwe kitu kimoja, nimeshindwa, na nimejaribu kuvifanya viwe mbali kabisa, nimeshindwa pia. Nyie mmeombwa mwende, wale walijiingiza. Wewe utafunga vidonda vya kila atakayeletwa, na hilo nalijua kwa sababu nilikuona ulivyomfunga kidonda yule mlevi aliyetuvunjia kioo. Lakini bunduki zitakuwapo, na amri zitakuwapo, na nyingine zitakuwa na sababu nzuri zilizoandikwa. Hata ile ya shimo ilikuwa na sababu nzuri. Ikija siku mkono wako ukakataa jambo ambalo karatasi inalikubali, sikwambii ufanye nini. Mimi sikufaulu mtihani ule, siwezi kuusahihisha wako. Nakuomba tu usimtaje Hashim wako haraka. Mimi niliulizwa mara moja tu, na laiti ningengoja hata kuulizwa mara ya pili.

Na usiende na hasira zangu za kinyozini. Utasikia habari za watu wa kule, hawa wabaya, hawa wazuri. Jifunze kuomba chumvi kwa lugha yao. Jina la chumvi, jina la maji, jina la maumivu. Hashim alinifundisha hivyo, na mpaka leo nikishika kitunguu kwanza linanijia jina lake la Kiarabu.

Kingine ni shukurani, na hii naisema moja kwa moja maana mdomoni huwa inanikwama. Nakushukuru kwa kuja kupiga magoti penye majivu. Ungeweza kuniambia unakwenda kozi Mtwara. Ungeweza kunipigia simu ukiwa umeshafika, wenzio wanafanya hivyo na wazazi wanazoea. Wewe ulikuja ukalitaja jina la mahali, ukanyamaza, ukangoja. Ukaniachia neno la hapana mdomoni mwangu, kama ningelitaka. Nilichomnyima mama yangu wewe umenipa mimi, na hukujua kwamba unanipa. Nilikwenda bombani kulia, si kuchota maji.

Na hapana nimeifikiria, usidhani ni jambo la kupita. Juzi niliishika kabisa. Nilisema nitamwambia hapana, atabaki, ataajiriwa zahanati hapa karibu, nitamwona kila jioni. Nikaona nataka kukunyima kwa sababu ya hofu yangu na kwa sababu ya Hashim, na wewe humo katika yote mawili. Bibi yako aliponinyima, alikuwa ananinyima mimi, kwa nilichokifanya.

Kwa hiyo kesho, kabla gari halijaja, usitoke kwa mlango wa nyuma kama mtu anayekwenda dukani. Simama kwenye mlango wa mbele na begi lako. Mama yako atakuwa na maji ya kukusomea, mimi nitakuwa na Msahafu. Niombe tena, na ulitaje jina la mahali kwa sauti, majirani wasikie. Sitachukua ndoo. Nimekuwia radhi, Zuhura, kwa mwaka mzima, kwa Afrika ya Kati, kwa hapohapo ulipopataja.

Najua jeshi, watu huhamishwa. Wakikuhamisha, hata kama ni kituo cha pili tu barabarani, tafuta simu unitajie jina la mahali hapo, niihamishe na radhi. Sitaki ibaki uwanjani inakungoja.

Baba yako,
Salum